Skii za milimani Colorado: maswali yenu kuhusu maporomoko ya theluji

"Ubashiri wa leo wa hatari ya maporomoko ni 3 kati ya 5, si ndo katikati, twende tu?"

Hapana ndugu yangu, usiisome hiyo 3 kama maksi za darasani. 3 maana yake mtu mmoja akipita anaweza kuliangusha bamba zima la theluji. Tarehe 20 Aprili 2013 pale Sheep Creek, karibu na Loveland Pass, hatari ilikuwa hiyohiyo 3 na watu watano walikufa, na tatizo la theluji ya siku ile walikuwa wanalijua. Mi nikisikia mtu anasema "ni 3 tu" naumia kabisa.

"Kwa nini mnasema theluji ya Colorado haiaminiki?"

Mwanzo wa msimu inaanguka kidogo halafu baridi kali inafuata, sasa chini ardhini joto liko kwenye sifuri hivi ila hewa ya juu ni baridi sana, mvuke unapanda ndani ya theluji na zile chembe zinageuka kubwa zenye kona kona, hazishikani tena. Chimba mpaka chini uchote konzi moja, inamwagika kati ya vidole kama sukari, hata uifinye vipi haifanyi donge. Halafu juu ya sukari hiyo zinakuja theluji nzito, na upepo unazidi kurundika upande mmoja wa mlima, ndo unapata bamba gumu limekalia kitu kisicholishika, na linaweza kukaa hivo wiki na wiki.

"Nimechimba shimo nikafanya test, haikupasuka. Niko salama?"

Umejua habari za hapo ulipochimba tu. Ile test unakata nguzo ya theluji ya sentimita 90 kwa 30, unalaza koleo upande mmoja, unaligonga mara 10 mkono ukichezea kwenye kifundo cha mkono, 10 kutoka kwenye kiwiko, 10 kutoka begani. Ufa ukikimbia nguzo nzima, rudi. Usipokimbia usiichukue kama ruhusa, hatua ishirini pembeni theluji inaweza kuwa nyembamba na tabaka dhaifu liko karibu zaidi na skii zako. Na kama njiani ulishasikia theluji inadidimia chini yako kwa mlio mzito, au nyufa zinakimbia mbele ya skii, hakuna haja ya kuchimba, geuza.

"Sasa tuteleze wapi?"

Mteremko wa chini ya nyuzi 30, na juu yako kusiwe na mkali zaidi, maana bamba linaweza kukatika huko juu wewe uko tambarare. Simu inapima, ilaze juu ya fimbo ya skii uliyoilaza kwenye theluji.

"Mi nina bikoni, mwenzangu hana, ila tutakuwa pamoja."

Basi msiende. Bikoni ni kile kifaa unachovaa, kinatuma mawimbi na kupokea ya mwenzako aliyefukiwa. Akifukiwa yeye hutampata, ukifukiwa wewe hana cha kukutafutia. Kila mmoja awe na bikoni, fimbo ndefu ya kuchomea theluji na koleo, maana aliyefukiwa ana kama dakika 10 tu za nafasi nzuri ya kupona. Mwambie akodi, halafu mfichiane bikoni kwenye theluji hapo parking, mtafute mkiwa na saa mkononi, kabla hamjapanda.