Ncha Iliyolika, Patasi Butu: Majibu kwa Wanaotibu Meno ya Wanyama

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wanaoshika vifaa vyenyewe: wauguzi wa wanyama, madaktari vijana, na mwenye kliniki mmoja. Mbwa au paka aliyelala kwa dawa hawezi kusema kwamba jino linaungua. Kwa hiyo maswali yanayogusa maumivu yake nimeyapa nafasi kubwa zaidi.

Skela yetu ya mawimbi (mashine ya kubandua ugaga kwa mtetemo) inawaka na maji yanatoka, lakini ugaga haubanduki kama zamani. Tumekuwa tukiongeza nguvu. Je, mashine imechoka?

Huenda mashine ni nzima kabisa. Anzeni na ncha. Ncha ya skela hulika kidogo kidogo, na kwa kuwa mnaiona kila siku, macho yameshaizoea. Ikipungua milimita 1, takriban robo ya uwezo wake imepotea. Ikipungua milimita 2, karibu nusu imekwenda, na hapo itupwe bila kuionea huruma. Watengenezaji wengi hutoa kadi yenye mchoro wa ncha mpya na mstari wa kikomo. Lazeni ncha juu ya mchoro, mtaona ukweli mara moja. Kliniki inayosafisha meno kila siku ipime kila wiki.

Hilo la kuongeza nguvu liacheni leo. Nguvu ikipanda, joto nalo hupanda, na nyama laini iliyo ndani ya jino huweza kufa kwa joto hilo. Jino litaonekana safi siku hiyo, kisha lioze kutoka ndani majuma kadhaa baadaye, wala hakuna atakayeikumbuka skela. Kukandamiza nako hakusaidii: ncha hufanya kazi kwa kutetemeka, na mkono mzito huuzima mtetemo.

Kabla ya kila mgonjwa, washeni skela hewani na mtazame maji. Yanatakiwa kupasuka kuwa ukungu mwembamba kuizunguka ncha. Yakidondoka matone matone, kagueni kichujio, ringi ya mpira na kitundu cha ncha. Skela zinazotetemeshwa na vibati vya nikeli zina jambo moja zaidi: chomoeni fungu la vibati, na kama vimepinda au vimeachana, wekeni jipya. Kwa skela zinazotetemeshwa na kauri, hakikisheni ncha imekazwa kwa ufunguo wake. Ncha iliyolegea hupiga kelele nyingi na kazi haionekani.

Daktari, nikitoa mzizi wa jino natumia nguvu nyingi mpaka mkono unatetemeka. Mwenzangu anasema ni kawaida kwa anayejifunza. Ni kweli?

Ufundi unakuja kwa mazoezi, sikatai, lakini nionyeshe kwanza patasi yako ya kulegezea jino. Mara nyingi ninapoulizwa swali hili, chombo ni butu. Patasi yenye makali huingia kati ya mzizi na mfupa kwa msukumo mdogo na kuzikata nyuzi zinazolishika jino. Patasi butu haikati, hivyo inakulazimisha usukume, na unaposukuma, huteleza. Fikiria inakotelezea: mizizi ya meno ya nyuma ya taya la juu iko karibu mno na jicho. Taya la chini la mbwa mdogo nalo ni jembamba, na likishaliwa na ugonjwa wa fizi huvunjika kwa nguvu ambayo wewe hukuiona kuwa kubwa.

Kupima makali ni rahisi. Ishike patasi chini ya taa na uizungushe taratibu. Ukingo butu una ubapa, kwa hiyo utaona mstari unaong'aa. Ukingo mkali haurudishi mwanga. Au jaribu kwenye kijiti cha plastiki ngumu: chombo chenye makali hung'ata na kutoa unyoya mwembamba, kilicho butu huteleza tu.

Noa mara kwa mara, kidogo kidogo. Ukingoja mpaka chombo kishindwe kabisa, utalazimika kukwangua chuma kingi na umbo lake litaharibika. Kinoo bapa ni kwa mgongo wa chombo. Kinoo cha mviringo ni kwa upande wa ndani uliopinda. Fuata pembe ileile aliyoiacha mtengenezaji, usibuni yako. Kinoo cha asili hutiwa mafuta, cha kauri hutiwa maji. Kisha chombo kioshwe na kitakaswe upya, kwani kunoa huacha chembe za chuma na uchafu.

Ningependa kila kliniki iwe na mtu mmoja mwenye jukumu hili kwa jina. Kazi ya kunoa ikiwa ya wote, haifanywi na yeyote.

Hendipisi ya kasi (kifaa cha mkononi cha kukatia jino, kinachozungushwa na hewa) imeanza kulia kwa sauti kali na ncha ya kekee inacheza. Tuipeleke kwa fundi au tuipake mafuta tu?

Ikishaanza kucheza, gololi zake zimekwisha kuharibika, mafuta hayatazirudisha. Kizungushio cha ndani huenda mizunguko 300,000 hadi 400,000 kwa dakika, kwa hiyo kasoro ndogo hukua upesi. Kibadilishwe, na msiitumie katika kinywa cha mnyama mpaka hapo.

Kwa itakayofuata, shikeni utaratibu huu: futa nje, tia mafuta ya hendipisi kwenye tundu la hewa inayozungusha, iendeshe sekunde 20 hadi 30 mafuta ya ziada yatoke, ndipo iingie kwenye otoklavu, yaani chombo cha kutakasia vifaa kwa mvuke. Isiendeshwe kamwe bila ncha ndani yake. Ncha zenyewe msizirudie rudie. Iliyo butu huchoma mfupa. Halafu nendeni mkatazame kompresa, mashine inayosukuma hewa. Tangi lisipomwagwa maji mwisho wa siku, unyevu husafiri na hewa hadi kwenye gololi, na hendipisi nyingi huuawa na hayo maji. Shinikizo la hewa liwe lile lililoandikwa kwenye kijitabu, si zaidi.

Chupa yetu ya maji ya mashine ya meno tunaijazia kila inapopungua. Kuna ubaya?

Upo. Mirija ya mashine ni myembamba na maji hulala humo usiku kucha. Bakteria hujishikiza ukutani na kutengeneza utando, na asubuhi ukungu unaotoka kwenye skela unawarusha katika jeraha la fizi, na usoni kwako pia. Kikomo kinachotumika sana kwa maji ya tiba ya meno ni makundi 500 ya bakteria kwa mililita, sawa na kile cha maji ya kunywa.

Jioni mwageni chupa, pulizeni mirija ikauke, chupa ilale wazi ikiwa juu chini. Asubuhi jazeni maji yaliyokenekwa na myaachie yapite dakika 2. Kati ya mgonjwa na mgonjwa, sekunde 20 hadi 30 zinatosha. Dawa ya kuulia utando iwe ile inayokubaliwa na mtengenezaji, kwani nyingine hula mpira.

Utepe wa otoklavu umebadilika rangi. Hiyo si ndiyo ithibati kwamba vyombo ni salama?

Hapana. Utepe wa nje unasema tu kwamba kifurushi kimepita kwenye joto. Hausemi kama mvuke ulifika katikati ya kifurushi, wala kama ulikaa muda wa kutosha: nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15 hadi 30, kutegemea vyombo vimefungwa au la. Wekeni kiashirio (karatasi inayobadilika rangi mvuke ukiifikia) ndani ya kifurushi, na mara moja kwa wiki fanyeni jaribio la vijimbegu vya Geobacillus stearothermophilus, bakteria anayestahimili sana joto. Kama vijimbegu hivyo vimekufa, otoklavu inafanya kazi. Jaribio likifeli, kagueni kwanza kama chumba kilisheheni kupita kiasi na kama gasketi (mpira wa kuziba) ya mlango imepasuka.

Aproni ya madini ya risasi, ya kujikinga na eksrei, huwa tunaikunja na kuiweka kabatini. Ni sawa?

Si sawa. Mkunjo hupasua risasi ndani na nje hutaona kitu. Itundikeni, na angalau mara moja kwa mwaka ipigeni eksrei yenyewe.

Kitanua kinywa cha springi tunachotumia kwa paka kimelegea. Nani anaweza kubadilisha springi?

Naomba msiibadilishe. Kitoeni kabisa kwenye vifaa vya paka. Mdomo wa paka ukishikiliwa wazi kwa nguvu, ateri inayopita nyuma ya taya hubanwa, na kwa paka ateri hiyo ndiyo inayolisha ubongo na macho. Wapo waliozinduka wakiwa vipofu, na baadhi hawakupona. Tumieni kipande kifupi cha kofia ya sindano, kinywa kifunguliwe kwa kadiri ya kazi tu, na kitolewe kila mnaposimama kidogo. Wakati wa kupiga eksrei, kwa mfano, mara nyingi hakihitajiki.

Kwa farasi, ambako kitanua kinywa hakiepukiki, kagueni meno ya kufungia ya kitanua hicho na mikanda kabla ya kila matumizi. Meno yaliyolika yakiachia ghafla, mkono wa daktari umo ndani.