Beringi mpya kufa mapema: angalia zilivyoingizwa
Kaka, beringi mpya za tairi la mbele la pikipiki zikianza kunguruma baada ya wiki tatu kama zako, mara nyingi tatizo ni jinsi zilivyogongwa kuingia. Fundi akipiga ringi ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi, nazo zinachimba vishimo kwenye njia zinamopita. Pikipiki haijatoka hata gereji, beringi imeshaumia. Gonga ringi ya nje tu, taratibu, kwa soketi inayolingana nayo au beringi ile ya zamani, na iingie bila kupinda.

Halafu kuna bushi ndefu, kipande cha bomba kinachokaa ndani ya habu (kitovu cha tairi), kati ya beringi mbili. Yangu fundi aliisahau nje. Nilipokaza ekseli beringi zikabanwa kwa ubavu, tairi likawa zito kuzunguka. Hakikisha ipo kabla hujagonga beringi ya pili.

Dukani usitaje jina la pikipiki peke yake, soma namba iliyoandikwa kwenye beringi ya zamani. 6301 ina tundu la milimita 12 na kipenyo cha nje 37. 6302 ni 15 kwa 42. Chukua yenye 2RS, ina mpira pande zote mbili wa kuzuia maji na vumbi. Na badilisha zote mbili, tafadhali.

Ukimaliza, weka stendi kubwa, inua tairi la mbele, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza hata kidogo, usipakie abiria.