Baraza la Mkoa, halmashauri au jumuiya?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwandishi wa mihtasari ya vikao hapa Bahi. Tumeombwa kuandika rasimu ya chombo cha kuzikutanisha halmashauri zinazozunguka Mto Bubu na kinamasi cha Bahi, kuanzia Kondoa na Chemba hadi kwetu na Manyoni. Mfano tuliopewa ni wa Marekani, ambako miji na kaunti zinazopakana huunda chombo cha pamoja. Mwenzangu ameandika "Baraza la Mkoa", nami naona halikai sawa ila nashindwa kumweleza sababu. Tuliiteje? Na je, halmashauri hizi zitashiriki, zitashirikiana au zitashirikishwa?

JIBU: Marahaba. Sikio lako halijakudanganya, na kasoro imejificha kwenye neno "mkoa".

Kwetu Tanzania mkoa ni mkono wa Serikali Kuu. Mkuu wa Mkoa huteuliwa na Rais, wala hapigiwi kura na wananchi wa Kondoa au Bahi. Halmashauri ni jambo jingine: ni mamlaka ya serikali za mitaa, ina madiwani waliochaguliwa na bajeti yake, na Katiba inaitambua katika ibara ya 145 na ya 146. Msomaji akikutana na "Baraza la Mkoa" atadhani Mkuu wa Mkoa ndiye anayekalia kiti. Tena atalichanganya na Kamati ya Ushauri ya Mkoa, ile ambayo ofisini huitwa RCC, iliyowekwa na Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 na ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Mkoa kweli. Halafu liko la jiografia: Manyoni iko Mkoa wa Singida. Chombo chenu kinavuka mpaka wa mkoa, kwa hiyo jina hilo lingewaacha wenzenu nje tangu ukurasa wa kwanza.

Vyombo vya Marekani mlivyopewa kama mfano vingi ni vya hiari. Cha eneo la Houston na Galveston huko Texas, kilichoundwa mwaka 1966, ni muungano wa serikali za kaunti 13 na za miji iliyomo, na hakitawali mtu. Kiswahili cha chombo cha namna hiyo tunacho tayari: jumuiya. Ndilo neno lililochaguliwa halmashauri zetu zote zilipoungana mwaka 1984 katika Jumuiya ya Tawala za Mitaa Tanzania, ALAT. Ningeandika "Jumuiya ya Halmashauri za Bonde la Bubu". Jina hilo linaonyesha wanachama ni akina nani na kilichowakutanisha ni nini.

"Baraza" lihifadhini kwa kikao chenyewe. Asili yake ni mahali pa kukaa na kuzungumza, nje ya nyumba, na maana hiyo ingali hai ndani yake. Ndiyo maana tunasema baraza la madiwani *limeketi* na *limepitisha* bajeti, ila halmashauri *imenunua* greda au *imeajiri*. Halmashauri ni mamlaka nzima, pamoja na mkurugenzi na watumishi wake. Baraza ni madiwani wakiwa kikaoni. Jumuiya yenu inaweza kabisa kuwa na baraza lake, ambalo wajumbe watatumwa na kila halmashauri.

Hapo hapo angalia hesabu. Usiandike "halmashauri nne" kwa sababu umetaja majina manne. Wilaya ya Kondoa ina halmashauri mbili, ya Mji na ya Wilaya, na Wilaya ya Manyoni inazo mbili pia, Manyoni na Itigi. Wilaya ni eneo la utawala chini ya Mkuu wa Wilaya, halmashauri ni mamlaka. Rasimu ikichanganya haya mawili, siku ya kupiga kura patazuka ugomvi wa nani ana kiti.

Kuhusu vitenzi, hapa naomba msifanye haraka, maana kiambishi kimoja kinabadilisha mwenye mali. Anayeshiriki anaingia katika jambo: Chemba imeshiriki kikao. Wanaoshirikiana wanabeba pamoja, kila mmoja kwa upande wake. Anayeshirikisha ndiye mwenye jambo, na wengine amewakaribisha. Ukiandika "Bahi itazishirikisha halmashauri jirani", umeshaifanya Bahi kuwa mwenyeji na wengine wote wageni. Kama nia ni usawa, andika "Bahi itashirikiana na halmashauri jirani". "Jirani" hapo haihitaji kubadilika. "Halmashauri majirani" inakwaruza sikio.

Neno moja zaidi hukuliuliza, lakini linanitia wasiwasi kuliko yote: "kuchangia". Mitaani Dodoma wapangaji wanasema "tunachangia choo", yaani wote wanatumia hichohicho. Kwenye rasimu, "halmashauri zitachangia greda" inasomeka kwa njia mbili: zitatoa fedha za kulinunua, au zitalitumia kwa zamu. Mweka hazina atasoma ya kwanza na mhandisi atasoma ya pili. Tenganisheni: "zitachangia gharama za greda na kulitumia kwa zamu".

"Ushirikiano kati ya halmashauri" na "baina ya halmashauri" yote ni sahihi. "Miongoni mwa" naipenda zaidi pale unapomtaja mmoja ndani ya kundi: Bahi ni miongoni mwa wanachama waanzilishi.

Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya rasimu yenu inaweza kusomeka hivi: "Halmashauri zinazopakana na Mto Bubu na kinamasi cha Bahi zinaunda jumuiya ya hiari ili kushirikiana katika kutunza vyanzo vya maji, na kila halmashauri itabaki na mamlaka yake kamili." Maneno "ya hiari" msiyaondoe hata mkiambiwa sentensi ni ndefu.