Kabla hujailaumu sensa

Wiki hii nimewaona vijana wawili, kila mmoja na gari lake la michezo la zamani, wakifanya makosa yaliyozaliwa siku moja. Wa kwanza aliwasha injini ya baridi, akaona mshale wa geji ya presha ya oili umegota kwenye 5 bar, akamwambia mwenye gari kwamba injini ni nzima kabisa. Wa pili alirudi kutoka kwenye majaribio marefu, akaiacha injini silensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa, ikiwa moto, akaona mshale umelala karibu na 1 bar, akazima kwa hofu na kuanza kutafuta pampu mpya. Wote wawili nawapenda na mikono yao ni mizuri. Lakini wote wameisoma geji ya oili kama mtu aliyesoma neno moja la barua akaikunja.

Nimekwisha kulisema hili kwa mdomo mara nyingi. Leo naliandika.

1. Pampu haitengenezi presha. Pampu inasukuma oili; presha inazaliwa pale oili inapobanwa njia. Uwazi kati ya kranki, shafti inayozungushwa na pistoni, na metali, yaani beringi zake, ni mdogo mno, na oili nzito ya asubuhi inaupita kwa shida, kwa hiyo presha inapanda mpaka valvu ya kupunguzia inafunguka na kuirudisha ziada. Ndiyo maana injini ikiwa baridi mshale unasimama palepale hata ukikanyaga moto. Unachokisoma hapo ni springi ya ile valvu. Hali ya metali hujaiona bado. Injini iliyochoka kabisa inaweza kukuonyesha 5 bar asubuhi na kuanza kugonga jioni.

Na presha kubwa si ushahidi kwamba oili inafika. Njia ikiziba baada ya mahali geji inaposomea, mshale utapanda, na huko juu kwenye kamshafti, shafti inayofungua valvu, pakauke.

2. Soma joto, raundi na presha kwa pamoja. Kanuni ya mafundi ni PSI 10 (kipimo kingine cha presha) kwa kila raundi 1,000 za injini kwa dakika, injini ikiwa moto, lakini kitabu cha gari lako kiko juu ya kanuni. MGB, gari la michezo la Kiingereza, kwa mfano, kitabu kinataka PSI 50 hadi 80 ukiwa barabarani, na PSI 10 hadi 25 silensa. Sasa chukua 1 bar, ambayo ni PSI 14.5. Kwenye gari hilo, ule mshale uliomtoa kijana wangu jasho uko ndani ya kitabu! Kumbuka pia kwamba geji ya joto la maji ikitulia, oili bado haijapata joto lake. Oili inachelewa. Ukikimbilia kuandika namba dakika tano baada ya kuwasha, umeandika namba ya gari ambalo halijaamka.

3. Jua geji yako ni ya aina gani. Kuna ya mrija, oili yenyewe inapanda mpaka deshibodi. Kuna ya umeme, yenye sensa, kifaa kinachopima presha na kuipelekea geji habari kwa waya, kwenye bloku. Sensa na geji lazima viwe jozi, maana sensa ya 0–5 bar ukiifunga na geji ya 0–10 utasoma uongo maisha yako yote. Usizungushe tepu nyingi kwenye nyuzi za sensa inayopata hasi kupitia bloku, tepu itaikatia umeme. Na kuna geji ambazo si geji: Mazda MX-5 za mwanzo zilikuja na ya kweli, lakini kuanzia modeli ya 1995 wakaweka inayofanya kazi kama swichi. Presha ikivuka kiwango kidogo tu, mshale unakwenda katikati na kukaa hapo. Nimemkuta mtu akimsifia mwenzake jinsi injini yake “ilivyotulia” kwa kuutazama mshale huo.

4. Usiilaumu sensa kabla hujafunga geji ya mkono, ile ya mrija unayoifunga kwa muda kupimia. Hapa nakaa kidogo, mnivumilie, maana hapa ndipo nilipoiua injini ya mzee aliyenifundisha kazi.

Lilikuwa gari lake mwenyewe, injini ya silinda sita, alilitunza kuliko nyumba. Gasketi ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, ilikuwa inavuja. Akanipa kazi ile peke yangu, na nilijua maana yake: ameniamini. Nikasafisha, nikaweka gasketi mpya, kisha nikapaka silikoni pande zote mbili, mstari mnene kama kidole, nikiamini kwamba ikiwa nyingi haitavuja tena. Nilipokaza bolti, iliyozidi ikatoka nje nikaipangusa vizuri. Iliyotoka ndani sikuifikiria. Ndani hakuna anayepangusa.

Haikuvuja hata tone. Lakini baada ya wiki chache taa nyekundu ya oili, ambayo zamani ilizimika mara tu injini inapowaka, ikaanza kukaa mpaka nihesabu tatu. Injini ikiwa moto, silensa ilikuwa 1.5 bar kama siku zote, nami nikaridhika na hiyo. Barabarani, kwenye raundi 3,000, mshale uliozoea 4 bar ulifika 3 ukasita. Nikiongeza mbio, ukatetemeka na kuanza kurudi chini.

Tazameni hapo vizuri. Metali zikiisha, kinachoanguka kwanza ni silensa ya moto, na ukiongeza raundi mshale unajikongoja kupanda. Huu ulikuwa mzima silensa na mgonjwa kwenye mbio. Maana yake pampu inataka oili nyingi kuliko inayoletewa, inavuta ukavu. Tatizo liko kabla ya pampu, kwenye chujio la sampu ambalo pampu inavutia oili, mahali nilipokuwa nimetia mikono yangu. Kila kitu kilikuwa kimeandikwa mbele yangu kwenye deshibodi.

Lakini miezi michache kabla, sensa ya gari hilohilo ilikuwa imekufa kweli, mshale ukalala sifuri, tukasimamisha kazi zote bure. Kwa hiyo jibu nilikuwa nalo tayari mfukoni. Nikafunga sensa mpya. Mshale ukafanya vilevile. Badala ya kushtuka kwamba mashahidi wawili wamesema jambo moja, nikasema na hii mpya ni mbovu. Kisha nikamwaga oili ya 10W-40 na kutia 20W-50, silensa ikapanda kidogo, nikamwambia mzee nimemaliza. Oili nzito zaidi, kupitia chujio lililokwisha kuziba! Nilikuwa nimemkaba mgonjwa anayehangaika kupumua.

Siku ya tatu, kwenye mlima mrefu, raundi 4,000, nikaisikia kutoka chini: ko, ko, ko, ikifuata mguu wangu. Nilizima, gari likaserereka mpaka ukingoni, nikakaa ndani bila kufungua mlango.

Tulipoishusha sampu, chujio lilikuwa limejaa nyuzi za silikoni kama minyoo. Metali ya konrodi (mkono wa pistoni) ya tano ilikuwa imezunguka, nyingine zimeisha mpaka shaba inaonekana. Kranki ilichongwa, tukafunga metali nene za milimita 0.25. Mzee hakupandisha sauti. Aliniuliza tu, “Geji ilikuambia nini?” Nikamjibu kwamba ilisema sensa imekufa. Akasema, “Hapana mwanangu. Hilo ulilisema wewe.”

Kisha akafungua droo na kunipa geji yake ya mkono, ya mrija, yenye kioo kilichopasuka pembeni. Kuifunga ni kazi ya dakika kumi: toa sensa, funga mrija, pasha injini, soma.

5. Mambo mafupi, yasomeni polepole. Silikoni, kama ni lazima, iwe uzi mwembamba. Oili ikizidi kipimo kranki inaipiga povu na mshale unatikisika, kwa hiyo kujaza zaidi si kuokoa. Kijiti cha kupimia oili kikinuka petroli, oili imepungua uzito. Tafuta petroli inaingilia wapi kabla hujaigusa pampu. Presha ikianguka ghafla na kubaki chini, fungua kwanza valvu ya kupunguzia, chembe moja inaweza kuishikilia wazi. Filta isiyo na valvu ya kuzuia oili isirudi itakupa mlio kila asubuhi. Mshale ukidondoka kwenye kona ndefu, oili imekimbilia upande mmoja na mdomo wa pampu umeachwa hewani. Ondoa mguu wakati huohuo, usisubiri kona iishe. Kwenye Porsche 911 zinazopozwa kwa hewa, oili inakaa kwenye tangi lake, nayo hupimwa injini ikiwa moto, silensa, gari limesimama tambarare. Ukipima baridi utaongeza oili isiyohitajika. Baada ya ovahoo, toa plagi, zungusha kwa stata mpaka presha ije, ndipo uwashe.

6. Kuwe na daftari la kila gari: silensa moto, raundi 2,000 moto, raundi 3,000 moto, aina ya oili, tarehe. Mistari mitatu inatosha. Namba ya kitabu inakuambia injini za aina hiyo zilivyo, ila daftari ndilo linalokuambia hii yako imeanza kubadilika lini. Ningekuwa nimeandika ile 4 bar kwa kalamu, ile 3 isingenipita nikiitazama.

Wewe uliyetaka pampu, usiagize kitu bado. Ile geji iko droo ya chini, na kioo chake bado kimepasuka. Kaendeshe dakika ishirini kwanza, oili ipate moto, uifunge, kisha uniite tusome wote, silensa na mbio.