Usianzie stoo: kupunguza mrundikano nyumbani kwa mzazi mwenye dimensia

Anayeamua kusafisha nyumba ya mzazi mwenye dimensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, kwa kawaida huanzia stoo, au kile chumba ambacho mlango wake haufunguki mpaka uusukume kwa bega. Inaeleweka, maana ndiko kunakotia aibu wageni wakija. Ila mzee haendi stoo saa 8 usiku. Anakwenda chooni, gizani, tena kwa haraka, na ndoo iliyoachwa njiani inatosha kumvunja nyonga. Siku ya kwanza fanya njia hiyo tu, kutoka kitandani hadi chooni, kisha pumzika.

Njia iwe na upana wa sentimita 90 hivi, apite mtu mwenye fremu ya kutembelea, au kiti cha magurudumu siku kitakapohitajika. Kilicho sakafuni kiondoke: viatu, waya za umeme, magazeti, vizulia vinavyojikunja pembeni. Kizulia cheusi kina ubaya wa ziada. Ugonjwa huu unaweza kuvuruga namna ubongo unavyosoma kina na rangi, hivyo mzee akakiona kama shimo na kugoma kukikanyaga, au akajaribu kukiruka. Sakafu inayong'aa nayo huweza kuonekana kama maji. Mzazi akiganda mlangoni bila sababu, tazama chini kabla hujamwita mkaidi. Weka taa ndogo ya usiku, na mlango wa choo ubaki wazi ili akiketi kitandani akione.

Kuna kosa moja hapa ambalo hufanywa na watu makini kabisa. Wanaondoa kiti au meza iliyobana njia, na wiki hiyohiyo mzee anaanguka. Kumbe alikuwa akiishika anapopita. Kabla hujahamisha fanicha yoyote, mtazame akipita mara tatu nne na uone mkono wake unatua wapi. Anapotua mkono pana kazi. Usipaguse mpaka umefunga kishikio imara ukutani.

Baada ya njia, zifuate sumu na dawa. Dawa ya panya, mafuta ya taa na sabuni za maji zilizohamishiwa kwenye chupa za soda zitoke mwanzo kabisa, kwa sababu mtu asiyeweza tena kusoma lebo huamini umbo la chupa. Betri za kidonge, zile za saa na za kifaa cha kusikia, zikimezwa huunguza koo kwa ndani, zifungiwe. Dawa za hospitali zilizokwisha muda zipeleke kwenye duka la dawa linalozipokea. Kama hakuna, zitoe kwenye pakiti, changanya na majani ya chai yaliyotumika au udongo, funga kwenye mfuko imara ndipo utupe. Lakini usitupe upesi kabla ya kuhesabu. Pakiti ya vidonge 30 iliyotolewa miezi 3 iliyopita na bado ina vidonge 26 inakwambia kwamba mzee hanywi dawa. Pakiti 2 za dawa ileile zilizofunguliwa pamoja zinakwambia huenda anakunywa mara mbili. Andika tarehe na idadi, mpelekee daktari.

Sasa kuhusu vitu vyenyewe. Mrundikano wa mtu mwenye dimensia si uchafu wala uchoyo. Ananunua sabuni ya kumi kwa kuwa hakumbuki zile tisa. Anaficha pesa kwa kuwa pesa zinapotea, na zinapotea kwa kuwa alizificha. Uwezo wa kuamua kipi kibaki na kipi kiende hudhoofika mapema, na katika aina ya dimensia inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, kukusanya vitu kunaweza kuwa dalili yenyewe ya ugonjwa. Kumweleza hasara zake ni kupoteza pumzi.

Hii ndiyo sababu hakuna kitu kinachotoka nyumbani bila kupekuliwa. Mifuko yote ya nguo, na bitana kama imeshonwa upya. Kitabu kishikwe mgongo, kurasa zikining'inia, kitikiswe. Soksi zilizokunjwa, ncha za viatu, ndani ya foronya, chini ya godoro, upindo wa pazia, nyuma ya picha ukutani, bati la sukari, debe la unga, friza. Kila utakapopata kitu, andika mahali hapo kwenye daftari, kwa kuwa watu wengi hurudia maficho yaleyale. Ukishayajua, nusu ya kesi za "mmeniibia" huisha kwa dakika 5. Nusu nyingine usibishane nazo. Sema, "Pole, hebu tukitafute wote," na utafute kweli. Miwani na funguo viwe na akiba.

Kazi ifanyike asubuhi, tuseme kati ya saa 3 na saa 5, na isizidi dakika 45 kwa mkupuo. Wagonjwa wengi huanza kuchafukwa na hofu jua likielekea kuzama, na nyumba iliyopinduliwa jioni ni karamu ya vurugu. Chukua droo moja, au rafu moja. Usikimwage chumba kizima kitandani. Wawepo watu wawili: mmoja anapanga, mwingine yuko na mzee. Mzee naye apewe kazi ya mikono, kukunja taulo au kupatanisha soksi. Akikunja vibaya, ziache hivyo. Ukizikunja upya mbele yake umemnyang'anya kazi.

Swali la "Mama, hiki bado unakihitaji?" lina jibu moja, nalo ni ndiyo, kwa kila kitu, hata kopo tupu. "Unakumbuka hiki?" ni baya zaidi, maana ni mtihani. Mpe vitu viwili achague kimoja: "Mama, tubaki na la bluu au la kijani?" Akichoka, uamuzi wa siku hiyo umeisha.

Je, ni halali kutoa vitu bila yeye kujua? Chakula kilichooza, magazeti yaliyolowa na makopo matupu yatoke kimyakimya. Hakuna heshima inayovunjwa hapo. Vitu vyenye jina, kama cherehani, redio, vyombo vya harusi au nguo za marehemu, ni habari nyingine. Maadamu bado anaweza kusema nani apewe, aulizwe, na neno lake liandikwe. Msilete ujanja hapo.

Tenga makasha manne: kinachobaki, kinachoondoka, karatasi, na shaka. Kasha la shaka liandikwe tarehe, lifungwe na liwekwe asipoliona. Miezi 3 ikipita bila yeye kuliulizia, nalo liondoke. Vinavyoondoka vitiwe kwenye mifuko isiyoonyesha ndani na vitoke nyumbani siku ileile. Mfuko ukilala ukumbini, alfajiri utakuta vyote vimerudi kabatini, pengine na vya ziada. Vitabu vitiwe kwenye maboksi madogo, yasizidi kilo 15, la sivyo mgongo wako ndio utakaofuata hospitali.

Karatasi usizisome palepale. Ukianza kusoma barua, asubuhi imekwisha. Zote ziingie kasha moja, uzichambue mahali pengine: hati za nyumba na ardhi, vyeti vya kuzaliwa na ndoa, wosia, benki, pensheni, bima, rekodi za hospitali. Tafuta bili ambazo hazikulipwa na barua za matapeli. Wazee wenye dimensia ni windo lao. Na kama bado hakuna mtu aliyepewa mamlaka ya kisheria kusimamia mambo ya mzazi, simamisha usafi umwone mwanasheria kwanza. Mzazi hutakiwa kutia saini akiwa bado anaelewa anachosaini, na dirisha hilo hufungwa bila kubisha hodi. Bila mamlaka hayo vitu ni vyake, si vyenu, na kuviuza kunaweza kuwafikisha mahakamani. Kwa ndugu, piga picha kila kitu cha thamani, tuma kwa wote, toa wiki moja ya kusema. Ugomvi wa ndugu hauji kwa vitu ghali tu. Sufuria ya mama inatosha.

Kuhusu kinachobaki, punguza, usipange upya. Mzazi aliyesahau jina lako bado anaweza kuifahamu nyumba kwa miguu na mikono: hatua kadhaa kutoka kitandani, mkono wa kulia, mlango. Kitanda, kiti chake na kikombe chake vibaki palepale, hata kiti kikiwa kimechakaa. Ukihamisha vyote kwa mkupuo mmoja, atakuwa mgeni nyumbani kwake. Akianza kuomba apelekwe "nyumbani" wiki ileile mliyosafisha, punguza kasi, na virudishe baadhi ya vitu. Kabati libaki na nguo anazovaa kweli, seti 7 hivi. Ana gauni moja analoling'ang'ania? Tafuta mengine mawili yanayofanana nalo, utaweza kulifua. Droo zibandikwe picha ya kilichomo. Na moja iwe yake ya kupekua: vitambaa, pochi kuukuu, barua zisizo na maana. Mikono inayotafuta itapata pa kwenda.

Mavi ya panya yasifagiliwe makavu, maana vumbi lake linaweza kuleta maradhi. Mpeleke mzee kwingine, fungua madirisha nusu saa, vaa glavu na barakoa. Changanya kipimo 1 cha jiki na 9 vya maji, lowesha vizuri, subiri dakika 5, futa kwa karatasi na uitupe. Jiki isikutane kamwe na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia; hutoa gesi ya sumu. Friji ikaguliwe kila wiki, kwa kuwa uwezo wa kunusa hupungua kwa wagonjwa wengi na hawawezi kujua kwamba chakula kimeharibika.

Vitu vitarudi. Tenga robo saa kila wiki: mifuko ya nguo kabla ya kufua, maficho yaliyo kwenye daftari, njia ya chooni. Pipa la taka la chumbani kwake likaguliwe kwa mkono wenye glavu kabla halijamwagwa, hata siku uliyochoka, kwa sababu meno ya bandia na kifaa cha kusikia huvuliwa, hufungwa vizuri kwenye tishu, na kutupwa humo.