Jibu: Kubebana kwenye bloku yetu kumezidi, nifanyeje?

Mdogo wangu, kiongozi wa bloku, kubebana, yaani mwenye kitanda kumlaza mwenzake aliyekosa chumba, hadi vyumba vya watu wanne vikalala saba, si jambo geni Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hata hosteli za Magufuli zilizofunguliwa 2017, zenye nafasi 3,840, hazikutosha wote. Kwa hiyo usianze kwa kupeleka majina kwa mlezi wa hosteli. Anayebebwa mara nyingi ni mtu aliyekosa chumba na hana kodi ya kupanga mtaani.

Kaa na kila chumba peke yake, usiku, wote wakiwepo. Kisha mvute pembeni mwenye kitanda, umuulize kama ameridhia kweli. Wengi wanaona haya kumkatalia mtu wa kwao, wanabaki kununa hadi mitihani. Ukiuliza wewe kiongozi, anapata pa kusemea.

Pa kukaza ni umeme. Hita ya maji, pasi na jiko kwenye eksitensheni moja: waya unachemka, plagi inayeyuka, na godoro liko hapohapo. Hilo ripoti leo, hata kama mhusika ni rafiki yako.

Zamu za usafi wa choo wapangie na wanaobebwa pia. Wanakitumia.