Nimezaliwa Ulyankulu, mbona bado naitwa mkimbizi?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mimi ni kijana wa Ulyankulu, mkoani Tabora. Babu na bibi walikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, baba akiwa mgongoni. Mimi nimezaliwa hapahapa na uraia tunao. Nimeposa binti wa Tabora mjini, mjomba wake kasema hawaozi kwa mkimbizi. Je, ana hoja katika dini? Na bibi yangu hadi leo huswali adhuhuri rakaa mbili, anasema bado yuko safarini.

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullah. Nianze na bibi, maana wengi watamcheka na mimi simcheki. Kupunguza swala ni ruhusa ya msafiri. Kwetu sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, ukinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, safari imekatika. Anayengoja kuondoka siku yoyote ana siku 18. Lakini wapo maulamaa wasiomwekea huyo kikomo, nao hutaja kisa cha sahaba Ibn Umar, aliyezuiwa na theluji Azerbaijan miezi sita akawa anapunguza. Kama miaka ile bibi alikuwa kila jioni akisema kesho tunarudi, ana pa kujishikia, na mimi simdai rakaa hata moja.

Ila mliulizwa: kurudi Burundi au kuomba uraia? Mkachagua uraia, na mwaka 2014 serikali ikatangaza kuwapa Warundi wa 1972 zaidi ya 162,000, wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Aliyenuia kukaa ni mkazi. Mwambie taratibu, sasa aswali nne.

Na lako limo humohumo, mwanangu. Ukimbizi ni hali ya mtu, una mwanzo na mwisho kama safari. Haurithiwi kama ukoo. Abdullah bin Zubeir, ambaye wazazi wake walihama Makka, ndiye mtoto wa kwanza wa Muhajirina, yaani Waislamu waliohama Makka, kuzaliwa Madina, na Waislamu walimfurahia mno. Muhajiri lilikuwa jina la heshima; sisi la kwetu, mkimbizi, tumeligeuza tusi la sokoni. Tena Tabora! Wamanyema wa mji huu na wa Ujiji asili yao ni ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na sijui safu zetu za swala zingekuwaje bila wao.

Sitakuficha: vitabu vyetu vina mlango wa kafaa, yaani kulingana kwa mume na mke, na Mashafii wanahesabu nasaba. Mjomba anaweza kuufungua. Lakini kafaa ni haki ya binti na walii wake, yaani msimamizi wake wa ndoa; wakiridhia ndoa inaswihi, na karatasi za ukimbizi hazimo mle. Kilichokatazwa waziwazi ni kuitana majina ya kuudhi, Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11. Msomeeni kwa adabu, ni mtu mzima.

Halafu kuna jambo hukuliandika. Mjomba, kaka wa mama, si walii wa nikahi hata kidogo. Baba wa binti yupo? Yeye kasemaje? Tuma mshenga kwake kwanza, ndipo uniandikie tena.